Mjane wa Kuonyesha na Kodi ya Gawio

Tarehe tisa Januari, asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa dereva wa basi hapa London miaka ishirini na sita, na alipoondoka nyumba ilinyamaza kama redio iliyochomolewa. Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi, dirishani, nikiwatazama majirani wakitoa mapipa ya taka.

Siku ya kutoka nilijifukiza udi, nikajipaka marashi ya siku zote zile kwa mpigo mmoja. Wifi yangu, dada wa marehemu, alipokuja kunichukua alipiga chafya mlangoni.

"Wifi, twaenda mkutanoni, si harusini!"

Nikacheka. Nilicheka pia kwa upepo, kwa mbwa aliyevaa koti, kwa basi lililotuacha. Huzuni yangu yote ilikuwa kifuani, lakini miguu ilikuwa na furaha yake, na siwezi kusema uongo kuhusu hilo.

Mkutano ulikuwa Harrow, pembezoni mwa London, katika ukumbi mdogo wa kukodi. Watu wenye hisa walitaka kuiandikia serikali barua ifute kodi ya gawio, yaani ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Wifi ana hisa nyingi. Mimi ninazo za mume wangu, alizokuwa akinunua kidogo kidogo kazini. Kumbe wifi alikuwa amewaahidi wenzake mjane.

"Wewe simama tu," alininong'oneza. "Sema u mjane na kodi yakuuma. Kiingereza niachie mimi."

"Na kama hainiumi?"

"Leo itakuuma."

Niliitwa mbele. Wifi ndiye aliyeniletea chakula siku zote za eda, na katika mji huu sina mtu mwingine wa damu ya mume wangu. Nilijua nikimpinga naweza kumpoteza. Hata hivyo nilifungua mdomo, nikasema kwa Kiswahili:

"Nimesafisha ofisi za watu miaka kumi na tisa. Kila mwezi mshahara ulikatwa kodi kabla sijauona. Gawio limenijia nimekaa edani, sijainua hata ufagio. Ikiwa jasho langu lilikatwa, kwa nini hili lisikatwe? Sikufurahi kuilipa, sikatai. Lakini mume wangu alipougua, muuguzi alikuja kila asubuhi kumfunga kidonda, wala hakutudai kitu. Sijui ni kodi ipi iliyomlipa. Mimi siitaki barua hii. Kodi ibaki."

Wifi akatafsiri yote hayo kwa sentensi moja fupi. Kiingereza changu ni cha ndoo na ufagio, lakini nilielewa: eti kodi hii inanitoa machozi. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mzee mmoja wa Kihindi, aliyevaa sweta la kahawia, akainuka mstari wa mbele.

"Aa-aa! Mama hakusema hivyo! Mimi mzaliwa wa Nakuru, bwana. Wewe sema yote!"

Kicheko kikanishika hapo hapo mbele za watu. Nilishikilia meza, mabega yakitetemeka, na waliokuwa wakinionea huruma nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Wifi hakucheka. Ila alitafsiri upya, neno kwa neno, na alipofika kwenye ufagio alifagia hewa kwa mikono miwili. Sikumdai zaidi ya hapo.

Nilipopita kurudi kitini, yule mzee akaniinamia. "Mama, hiyo kodi mimi naipinga kabisa. Lakini maneno yako ni yako."

Wakapiga kura. Mikono mingi iliinuka, wa wifi juu kuliko yote. Wangu ulibaki mapajani. Barua ikapita.

Nje, wifi alitangulia bila kugeuka. Nilimkimbilia, na kwa kuwa sikuwa nimekimbia tangu majira ya baridi, nikaanza tena kucheka peke yangu njiani, huku nikiogopa kweli kweli. Ndani ya basi alikaa dirishani, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Nikasimama, nimeshika nguzo. Vituo viwili vikapita. Basi likakata kona, nikayumba, nikamwangukia bega.

"Utavunjika, mwendawazimu wewe," alisema, bado anatazama dirisha. "Kaa."

Akautoa mkoba, nikakaa.