Umepasi Ukapitiliza

Mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu, anapiga pasi. Sizungumzii pasi ya Jumapili ya sare ya shule, ile ambayo mimi huunguza kola kisha nikaulaumu umeme. Hii ni kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa amesimama katika chumba cha nguo cha hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wageni rasmi wakija kukagua huambiwa, "Na huku chini ni mambo ya kawaida tu," halafu wakapelekwa kuoneshwa bustani.

Mambo ya kawaida yenyewe ni mashuka ya wodi nane, foronya, mapazia, makoti ya madaktari, na gauni za kijani za chumba cha upasuaji, ambacho wao wenyewe wanakiita theta. Mama mkubwa akikunjua koti la daktari anaweza kukuambia mwenyewe huegemea meza kwa kiwiko gani. Anagusa pasi kwa kidole kilicholowa mate, na kwa ule mlio wa "tss" anajua kama ni moto wa pamba au wa nailoni. Niliwahi kumuuliza kama kidole hakiumi. Akasema, "Kiliacha mwaka wa tatu." Nikaona hilo jibu linatisha kuliko filamu zote nilizokatazwa kutazama.

Kinachouma ni miguu. Akirudi jioni huvua viatu mlangoni, na alama za kamba zimezama kwenye miguu iliyovimba kama zimechorwa kwa kalamu. Ndiyo maana msimamizi wa chumba cha nguo alipostaafu, Mama mkubwa aliomba nafasi ile. Watu walidhani anatafuta ukubwa, kana kwamba kuna ukubwa wowote wa kutawala foronya. Alitaka kiti. Msimamizi ana kiti, na anaruhusiwa kukikalia bila kuulizwa anaumwa nini.

Usaili ulifanyika kwa Kiingereza, kwa sababu mashuka, kama kila mtu ajuavyo, hayanyooki kwa lugha nyingine. Afisa utumishi alimuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Mama mkubwa akaomba arudiwe kwa Kiswahili. Akarudiwa, kwa huruma.

"Nitakuwa nimesimama pale pale," akajibu, "msiponipa kiti."

Wakaandika kitu kwenye karatasi zao, wakamshukuru sana.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, kwa lugha ile ile ya mashuka. Mama mkubwa hakuifungua kazini. Aliileta kwetu ikiwa imekunjwa ndani ya kanga ya kichwani, kwa sababu kwetu anaishi mjomba wangu, mdogo wao wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa. Profesa anatengeneza simu. Kiingereza chake amekipata kwenye vijitabu vya maelekezo, ambavyo huvisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kwa hiyo katika lugha ile hana mpinzani pale unapotaka kumkataza mtu asitumbukize kitu majini.

"Soma, mdogo wangu," Mama mkubwa akasema. Alikaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Profesa akakohoa. Akaishika barua mbali na macho, ingawa macho yake hayana tatizo lolote. Akaruka salamu, akafika kwenye mstari wenyewe, ambao ulisema kwamba baada ya kufikiriwa kwa makini Mama mkubwa alikuwa "passed over" katika nafasi ya msimamizi.

"Passed!" mama yangu akapiga kelele. "Amepasi!"

"Subiri, dada, usiharakishe lugha za watu," Profesa akasema. "Hawakuandika 'pass' tupu. Wameongeza 'over'. Sasa 'over' ni nini? Ovataimu ni muda wa kupita kiasi. Ovalodi ni mzigo wa kupita kiasi. Kwa hiyo, dada yangu, wewe hukupasi tu kama wengine." Akainua kidole juu. "Umepasi ukapitiliza!"

Mama mkubwa akajifunika uso kwa kanga. Mama akalia kwa furaha, akaagiza soda. Na mimi, mwenye alama themanini na moja za Kiingereza katika ripoti iliyobandikwa ukutani, nilikuwa nimechungulia barua juu ya bega la Mjomba, nikaona lile neno "passed", nikaruka ruka kama mpira. Kwa hiyo sina haki ya kumcheka Profesa peke yake.

Jumatatu Mama mkubwa akaingia kazini, akawaonesha wenzake barua, akakaa kwenye kiti. Hakuna aliyemzuia. Barua ilikuwa na muhuri, na muhuri hausomwi, unaheshimiwa tu. Mtu pekee aliyejua ukweli, afisa utumishi, alikuwa amesafiri wiki nzima kwenda kwenye semina ya mawasiliano bora kazini.

Akaanza kusimamia. Miaka yote mashuka ya wodi yalitangulia, kwa kuwa manesi wa wodi ndio wenye sauti kubwa zaidi, na gauni za theta zikabaki nyuma mpaka madaktari wakawa wanasubiri nguo mlangoni kama watoto waliotoka kuoga. Yeye akageuza. Gauni kwanza, alfajiri, pasi zikiwa bado hazijachoka. Na iliyochanika itengwe kabla ya kufuliwa, badala ya kufuliwa, kukaushwa, kunyooshwa, kisha ndipo mtu ashangae kuona tundu. Wenzake walisema mbona hilo halikufikiriwa tangu zamani. Lilifikiriwa sana tu, ila na mtu aliyesimama.

Jumatano mimi nikaingia maktaba ya shule. Sikuwa na shaka, naapa. Nilitaka tu kuona kupitiliza kwa Mama mkubwa kumeandikwaje kwenye kamusi kubwa, ili nikamtambie Mjomba kwa kitu asichokijua.

Neno "pass" lilikuwa na kurasa mbili na nusu. Ukipass mtihani umefaulu. Ukipass chumvi umempa mwenzako. Ukipass out umezimia, au umehitimu jeshini, itategemea umeanguka au umepiga saluti. Ukipass away umekufa, na ukipass on umekufa vile vile, isipokuwa kama umempa mtu kitu, maana hapo uko hai na una ukarimu. Ukisema "pass" peke yake umekataa. Wenye lugha yao wanamwachia mgeni aamue mwenyewe kama amefaulu, amezimia au ni marehemu, kisha wanashangaa kwa nini tunafeli. Nikiwa mkweli, hata sisi tumeitumikisha pasi yetu: kuna ya nguo, kuna ya mpira, kuna ya kusafiria. Lakini sijasikia mtu aliyesimamishwa mpakani akatoa ile ya nguo.

Halafu nikafika kwenye "pass over". Kurukwa. Kuachwa akachukuliwa mwingine, hasa katika kupandishwa cheo.

Nilisoma mara tatu, nikidhani pengine mara ya tatu itabadilika.

Jioni nilimkuta mlangoni kwake anavua viatu. Nikatazama miguu yake. Alama za kamba hazikuwepo. Siku tatu tu za kukaa, na miguu ilikuwa imerudi kuwa miguu. Nilitamani ningekuwa mjinga kwa wiki moja zaidi.

"Una nini wewe? Umefukuzwa shule?"

Nikamwambia. Nilimwambia haraka, neno juu ya neno, na kamusi niliyoiazima maktaba nikaifungua pale pale kama ushahidi. Alimalizia kuvua kiatu cha pili. Kisha akaagiza Profesa aitwe.

"Kijitabu gani kilikufundisha hiyo 'over'?"

"Dada, lugha ni pana..."

"Lugha ni pana, na wewe ni mwembamba. Kaa hapo." Akanigeukia. "Na huyo aliyepasi bila kupitiliza yuko wapi?"

"Nadhani bado hajaripoti, Mama mkubwa."

"Kesho theta ina wagonjwa sita. Madaktari wavae barua?"

Alhamisi akaenda, akakaa, gauni zikapanda juu kabla ya saa mbili. Ijumaa vivyo hivyo.

Jumatatu iliyofuata sikuwepo, nilikuwa shuleni nikifundishwa uandishi wa barua rasmi. Lakini Mama mkubwa amesimulia, na wenzake watatu wamethibitisha, kila mmoja kwa kuongeza chumvi yake. Afisa utumishi alishuka akiwa amenawiri kwa mawasiliano bora. Nyuma yake alikuwepo kijana mwenye shati jipya, ambaye kabla ya saa sita chumba kizima kilikuwa kimeshambatiza jina la Diploma.

"Mama, naona pametokea kutoelewana kidogo," afisa akasema. "Kiti hiki ni cha huyu bwana."

Mama mkubwa akainuka. "Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama," Diploma akasema, akiitazama sakafu kana kwamba ndiyo aliyokuja kuisimamia.

"Marahaba."

"Basi wewe utamwelekeza," afisa akaendelea. "Uta-pass on ujuzi wako kwake."

"Kupass on sitaki," Mama mkubwa akasema. "Waliopass on humu nawajua, shuka zao nanyoosha mimi. Na ile barua yako sikuielewa. Niandikie kwa Kiswahili."

"Mama, ni kitu kile kile."

"Kama ni kile kile hakitakusumbua."

Afisa akavuta karatasi, akaandika haraka, akampa. Mama mkubwa akasoma kwa sauti: "Tunakuarifu kwamba umerukwa." Akainua macho. "Nimerukwa na akili?"

Chumba kikaangua kicheko. Hata mashine ya kukausha, wanasema, ilisimama. Afisa akakata lile neno, akaandika "umeachwa".

"Nimeachwa kwa sababu gani? Hata talaka ina sababu."

Hapo kalamu ikagoma. Kwa Kiingereza alikuwa amefikiria kwa makini bila kusema alichofikiria. Sasa alitakiwa aseme. Mwishowe akaandika: kwa kuwa huna cheti cha kazi hii, na mwenzako anacho.

"Ahaa. Na mwenzangu alikipatia wapi?"

Afisa akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni Diploma, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko shati. "Chuoni, mama. Ila mafunzo ya vitendo nilifanyia hapa. Miezi mitatu. Hunikumbuki?"

Mama mkubwa akamtazama vizuri. "Wewe si yule aliyeunguza pazia la wodi ya watoto?"

"Ndiyo mimi."

"Umenenepa. Na ile fomu yako ya chuo nani aliijaza?"

"Wewe, mama."

"Niliweka alama ya vema penye neno gani?"

Diploma akarudi kuitazama sakafu. "Pass."

"Basi andika na hilo," Mama mkubwa akamwambia afisa. "Andika kwamba huyu ana cheti kwa sababu mimi nilimpasisha, na mimi nimeachwa kwa sababu sina cheti. Andika kwa Kiswahili, nisome mwenyewe, nisimsumbue mdogo wangu."

Afisa alikuwa bado ameishika kalamu hewani pale sista mkuu wa theta aliposhuka ngazi. Huyu mama hajawahi kuonekana huko chini ila kwa kugomba, kwa hiyo wote walijipanga kugombwa.

"Msimamizi mpya ni nani?" akauliza. "Wiki nzima gauni zimefika kabla ya saa mbili. Nimekuja kumshukuru kabla sijagundua kwamba naota."

Afisa akajikuna shingo. Diploma ndiye aliyenyoosha mkono, na hakujinyooshea mwenyewe.

"Ni yeye," akasema.

Sista akamshika Mama mkubwa mikono yote miwili. Afisa akaikunja karatasi ambayo haikumalizika, akasema atarudi kwa wakubwa.

Wakubwa walifikiria kwa makini kwa siku tisa. Siku hizo zote Mama mkubwa alisimama kwenye meza yake ya pasi, na alama za kamba zikarudi miguuni. Diploma hakukikalia kiti. Alikiwekea daftari la mapokezi ya nguo, likakaa lenyewe kwa raha zake, naye akazunguka akiuliza maswali na kuandika majibu. Mara mbili gauni zilichelewa. Sista alipiga simu juu, akapaza sauti, na inasemekana hakutumia Kiingereza.

Barua ya pili ililetwa kwetu ikiwa wazi. Ilikuwa na mistari minne, ya Kiswahili. Profesa aliisogelea akikohoa, Mama mkubwa akamwonesha kiti cha kona. Alisoma mwenyewe, kwa sauti, taratibu, kama mtu anayenyoosha kola: ameteuliwa kuwa msimamizi wa chumba cha nguo, yule kijana atakuwa msaidizi wake, na uteuzi huu ni wa majaribio kwa muda wa miezi sita. Chini palikuwa na nafasi ya kutia saini kwamba amekubali.

Mama yangu akaanza kulia tena, safari hii bila kuagiza soda.

"Majaribio!" mimi nikasema. "Miaka kumi na tisa, halafu wanataka miezi sita ya kukutazama kama unaweza?"

"Kelele, wewe mtoto. Nipe kalamu."

Nikampa. Lakini hakutia saini mara moja. Alirudi juu kwenye mstari wa pili, ambapo ofisi ilikuwa imemteua kuwa "msimamzi", akaichomeka ile "i" iliyosahaulika kwa mwandiko mdogo, safi. Akaitazama kwa mbali. Ndipo akashuka chini, akasaini.