Mfuko Niliomshonea Mtoto

Mwaka tulipohamishiwa kijiji kipya chini ya milima, upande wa Kerenge, nyumba yetu ilikuwa imekandikwa udongo upande mmoja tu. Upande wa pili zilikuwa fito tupu, maana kila siku tuliitwa shamba la kijiji na nafasi ya kukandika hatukuipata. Upepo wa mwezi wa sita ulishuka mlimani ukaingia ndani bila hodi. Na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi miwili.

Roho yangu ilikuwa juu juu. Mtoto wangu wa kwanza, niliyemzaa kule tulikohama, aliishi wiki tano akafa kwa kichomi. Alikuwa akirusha miguu mpaka kanga inamtoka, asubuhi namkuta wa baridi. Huyu wa pili naye alikuwa na miguu ileile. Namfunika, anajifunua. Nachota maji, narudi mbio kumgusa kisogo. Napepeta mahindi, naacha ungo chini, naenda kumgusa tena. Mume wangu alisema nitamchubua mtoto shingo.

Mkunga wa zahanati ndiye aliyenionyesha mfuko wa kulalia watoto, uliokuja na nguo za msaada. Ulikuwa mmoja tu na hakuwa tayari kuutoa, ila aliniacha niugeuze nitakavyo. Alinieleza kuwa shingo iwe ya kumtosha, kichwa kisizame ndani; mikono ibaki nje; chini pawe papana apate kurusha miguu; na usiwe mzito hata mtoto akalowa jasho. Nikaupima kwa shubiri, nikarudi nyumbani nikihesabu njia nzima nisisahau.

Duka la ushirika lilikuwa na kitambaa cha aina moja, marekani nyeupe. Nilichukua hiyo hiyo, ningengoja nini? Nikaifua mara tatu ilainike, ndani nikatia fulana kuukuu za mume wangu, nikashona kwa mkono siku mbili huku mboga zikiungua jikoni. Chini sikupashona. Niliacha wazi, nikatia kamba ya kufunga na kufungua, nipate kumbadilisha winda bila kumvua. Kwa hilo nilijiona fundi kweli kweli.

Alasiri nikamvalisha. Alilala, akarusha miguu, mfuko ukabaki palepale. Kwa mara ya kwanza tangu nimzae nilikaa chini nikanywa chai ikiwa bado ya moto.

Mama mkwe akarudi kutoka shamba, akatua jembe, akaingia kumwona mjukuu wake. Nilingoja anisifu, sikusikia kitu. Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti, anahangaika kuifungua ile kamba ya miguuni.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia amwache mtoto wangu, au anataka huyu naye afe kwa baridi. Maneno hayo nilimtamkia mama wa mume wangu, mimi ambaye kila asubuhi nilimwamkia kwa goti.

Hakunijibu kwa ukali.

"Mwanangu," alisema, "yule wa kwanza nilimfunga mimi. Sanda yake ilikuwa kitambaa hiki. Na miguuni nilimfunga hivi hivi."

Mimi nilikuwa sijui. Siku ile sikuwa nimetoka arobaini. Nilibaki ndani, wanawake wamenishika, wanaume wakaenda kumzika. Sikumwona alivyofungwa. Nilikuwa nimeshona siku mbili nzima nisijue ninashona nini.

Nilimvua mtoto, nikaukata uzi kwa meno mwenyewe. Mama mkwe akavua kanga yake ya mabegani, akasema nishone upya kwa hiyo, vipimo vile vile, maana mfuko wenyewe ni mzuri. Tukakaa mkekani, yeye akipasua, mimi nikishona, mtoto kalala katikati yetu. Hapo ndipo nilipoweza kumwuliza mtoto wangu wa kwanza alikuwaje siku ile. Akanieleza yote, taratibu, mpaka kucha zake.