Motere Isiyoingia

Gari la baba lina milango miwili na boneti ndefu ambayo majirani wanaiita meza. Ni gari la Kimarekani, la silinda nane, lililoundwa kwa ajili ya lami na vijana wenye haraka, nasi hapa Kasongo hatuna lami. Mgiriki mmoja mwenye duka ndiye aliyelileta zamani, na baba alikuwa shoferi wake. Mgiriki alipoondoka nchini alimwachia baba funguo. Baba akalinyanyua kwa springi za lori, likasimama juu kama mbuzi anayetaka kuruka ua, na kwa namna hiyo likatembea miaka mingi kati ya Kasongo na Wamaza, kwao mama.

Wakati wa vita baba alifungua kabureta na dinamo akavifukia katika shamba la muhogo, asije mtu mwenye bunduki akalipenda gari lake. Mambo yalipotulia alivifukua, akavisafisha, akawasha. Liliunguruma mwaka mmoja na kitu, kisha bloki ya motere, yaani injini, ikapasuka kwenye mlima kwa kukosa maji, tukalisukuma mpaka nyumbani. Baba alifariki likiwa bandani. Mpaka leo liko pale, chini ya bati, na mama anafukuza kuku wanaotaka kutagia kwenye kiti cha nyuma. Hakuna ruhusa ya kugusa kitu. Mjomba aliwahi kuomba kioo kimoja cha pembeni kwa ajili ya pikipiki yake, na mama hakumsemesha mpaka Krismasi.

Mimi natengeneza pikipiki sokoni. Sisemi ni kazi mbaya, inalisha nyumba. Lakini mtu aliyekulia chini ya silinda nane hashibi kwa silinda moja. Na chini ya gari lile hatukuwa mimi na baba tu. Tulikuwa watatu. Wa tatu ni kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ambaye alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Alisema anakwenda msimu mmoja. Imepita miaka kumi na miwili.

Ni lazima nieleze jinsi watu wanavyorudi kutoka Salamabila, la sivyo hutamwelewa yaya. Hawarudi hivi hivi. Anayerudi anaingia na bati kumi na mbili zimefungwa kwenye pikipiki, au na godoro, au jenereta, na mtaa mzima unasimama mlangoni kuangalia. Asiye na kitu harudi. Anatuma salamu. Yaya alituma salamu miaka yote hiyo, na hata tulipomzika baba alituma salamu, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyefunika mdomo kwa mkono. Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia mwaka mzima, na hasira ilipoisha nikakuta chini yake hamna kitu kingine ila hamu ya kumwona.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, akapiga simu akiwa na furaha. Alikuwa ameacha kuchimba. Sasa aliendesha na wenzake mashine ya kusaga mawe, na mashine ile ilizungushwa na motere ya gari dogo la abiria lililotoka Tanzania na kufia njiani. Motere ya mazutu, yaani dizeli, silinda nne. Wenzake walitaka kununua nyingine kubwa zaidi.

"Mudogo, ile motere ingali nzima kabisa," akasema. "Ninaona iko sawa kwa gari ya papa. Tuweke ile?"

Nilikaa chini, palepale kwenye ngazi za kanisa. Tuweke. Alisema tuweke, hakusema uweke.

Tangu siku hiyo kila Jumapili alasiri alipanda kilima kutafuta mtandao, nami nilikaa bandani na simu sikioni, tukapanga. Nilikuwa nimetandaza juu ya boneti karatasi ya mfuko wa saruji, nikachora. Nilipima nafasi kwa kamba, fundo kwa kila kipimo, nikamsomea mafundo moja moja naye akayapima kwenye motere yake. Urefu ulitosha na kubaki. Giaboksi ya baba ilihitaji bamba la chuma la kuiunganisha na motere ngeni. Hilo ningelichonga mwenyewe. Tangi lilihitaji kuoshwa petroli yote. Springi za mbele zingepunguzwa jani moja, maana motere mpya ilikuwa nyepesi. Tulibishana juu ya rejeta Jumapili mbili nzima. Yeye anapenda kubishana, nami napenda zaidi.

Mama alikaa nje ya banda akichambua mchele, akijifanya hasikilizi. Simu ikikatika aliuliza, "Motere inasema nini?" Hakuuliza juu ya mwanawe. Aliuliza juu ya motere, na mimi nilimjibu, "Motere iko muzima, mama, inakusalimia."

Na namna ya kuileta tuliipanga pia. Yaya angeifungua vipande viwili, bloki kwenye pikipiki moja, kichwa na vifaa vidogo kwenye ya pili, na yeye mwenyewe angepanda nyuma ya ile ya kwanza. Wamaza wangelala kwa wajomba. "Siwezi kuachia watu motere," alisema. "Nitakuja nayo mwenyewe." Alilisema hilo kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa, na mimi nilijifanya sikulisikia vizuri.

Sasa nieleze kosa. Motere inatoa moshi upande mmoja. Usipojua ni upande gani, hujapanga kitu, kwa sababu katika gari la baba usukani uko kushoto, kama magari yetu yote, na nguzo yake inashuka karibu kabisa na motere. Eshapema, yaani bomba la moshi, ikitokea upande huo, inakutana na nguzo ya usukani uso kwa uso. Nilimwuliza yaya mapema kabisa.

"Iko kuume," akajibu. Nikachora bomba kulia, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Katika nyumba yetu hatukuwa tukisema kuume na kushoto tukiwa kwenye gari. Baba alikataza. Alisema kulia kwa aliyesimama mbele ya boneti ni kushoto kwa aliyekaa ndani, na kwamba watu wameshavunjana vidole kwa ajili ya jambo hilo. Kwetu kulikuwa na upande wa shoferi na upande wa mama. "Lete ufunguo wa kumi na tatu upande wa mama," baba angesema akitaka spana, naye yaya angetambaa bila kufikiri. Hata tulipokuwa tukila, chumvi ilikuwa upande wa shoferi.

Picha ilinifikia mwezi mmoja baadaye, siku mtandao ulipokuwa na huruma. Niliikuza kwa vidole viwili. Motere ilikuwa nzuri, nyeusi kwa vumbi na mafuta, imefungwa juu ya magogo. Na eshapema ilikuwa kushoto kwa aliyekaa ndani. Yaya alikuwa amesimama mbele yake, akiitazama usoni, akasema kuume kwa kufuata mkono wake mwenyewe. Nikaelewa pia kwa nini: gari lile la Tanzania lilikuwa na usukani kulia, kama yalivyo ya kwao, kwa hiyo waliolitengeneza waliweka moshi upande usio na shoferi. Kwetu upande huo una baba.

Sikuumia kwa sababu ya motere. Niliumia kwa sababu yaya alikuwa amesahau. Miaka kumi na miwili ya mashimo na kelele ilikuwa imemfutia upande wa shoferi na upande wa mama kutoka mdomoni, akabaki na kuume kama mtu yeyote anayeuza chuma sokoni.

Ningemwambia Jumapili iliyofuata. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini alipopiga alianza kwa kuniuliza kama kile kitufe cha honi bado kinanasa, na kama bado unapaswa kukipiga kwa kifundo cha kidole ili kinyamaze, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu kabla hatujaota ndevu. Nikasema ndiyo, kinanasa. Nikasema na bamba la giaboksi linakwenda vizuri. Ilikuwa uongo, bamba lilikuwa chini ya kitanda halijaguswa, maana ni nani anachonga bamba la motere isiyoingia?

Miezi minne nilipanga kazi ambayo nilijua haiwezekani. Nilizua matatizo ili tupate ya kuzungumza. Nilimfanya apime upya vitu alivyokwisha kupima. Waendesha pikipiki sokoni waliniona nikichora eshapema kwenye karatasi mpya wakadhani mambo yanasonga mbele. Sikuwa mjinga, nilijua nafanya nini: nilikuwa nanunua Jumapili.

Halafu akapiga siku ya Jumatano, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanikuta bandani.

"Nimeifungua," akasema. "Wenzangu wameleta ingine. Pikipiki mbili nimepata. Siku ya posho natoka huku."

Posho ni Jumamosi. Nilimwona akilini akishuka kwa wajomba Wamaza, akiingia Kasongo juu ya bloki ile, mtaa mzima mlangoni, na mimi nikipima mbele yao na chuma kikigonga chuma. Nikaona uso wake. Siku ile singeweza kumfanyia hivyo.

"Yaya," nikasema, "motere haiingie. Eshapema iko upande ya shoferi."

Nyuma yake mashine mpya ilikuwa ikisaga mawe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu picha."

"Ile picha ni ya zamani."

"Ndiyo, yaya."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Akavuta pumzi, akasema polepole, "Basi nitabaki."

"Hapana, kuja. Kuja vile vile. Mama anakutaka wewe, hataki motere."

"Nikuje na nini?" Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya mazishi. "Miaka kumi na mbili, mudogo. Niingie kwa papa mikono mitupu? Watu wasimame pale, waangalie nyuma ya pikipiki, waone mimi tu?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kwa kusema ukweli nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichomruhusu kurudi nyumbani. Mashine ilisaga, nami nikatazama ndani ya gari kupitia dirishani, dashibodi ya baba, mbao aliyokuwa akiipaka mafuta kila Jumamosi, nguzo ya usukani, kiti chake kilichobonyea.

"Ilete," nikasema. "Lile gari ya Tanzania, usukani yake ingali pale?"

"Ingali pale kwenye majani."

"Fungua na ile usukani, uilete pia. Nitahamisha. Shoferi atakaa kuume."

"Utakata gari ya papa?"

"Nitakata."

"Mama hatakubali."

Hapo mtandao ukakatika. Nikajaribu mara sita. Sikujua kama amebaki na neno la kukata au na neno la kubaki.

Najijua. Kama ningelala na wazo lile ningeamka na sababu ishirini za kuliacha. Kwa hiyo alasiri ileile nilichukua msumeno wa chuma, nikatoboa tundu la kuanzia kwenye dashibodi, upande wa kulia, nikaingiza wembe wake na kukata. Ulilia vibaya. Nilikata nikiwa na machozi, siyo ya kiume wala ya kike, ya kawaida tu, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la chuma.

Mama akaja. Alisimama mlangoni mwa gari, akaangalia ule mkato uliokwisha kuwa mrefu kama kiganja. Nilisimamisha msumeno.

"Unafanya nini?"

"Motere ya yaya haiingie, mama. Nikikata hapa, itaingia."

"Na usipokata?"

"Yaya haji."

Alinyoosha mkono akagusa mbao ya dashibodi, pale pasipokatwa bado. Kisha akageuka akaenda jikoni, nami nikabaki nimekaa na msumeno magotini, sijui kama niendelee. Akarudi na mawese kidogo kwenye kifuniko cha sufuria.

"Pakaa kwa ile musumeno," akasema. "Itakata mbio."