Ya Kwanza Ilienda Wapi?

Nakumbuka siku ile tulipoteremka mlima wa Kitonga na gari la baba yako, wewe Tumaini ukiwa mapajani mwangu, hujaota hata jino. Miaka imepita, mwanangu, lakini siku hiyo sijaisahau. Ngoja kwanza niweke kikombe chini.

Jana ulinipigia simu ukasema AC ya gari lako haipulizi baridi. "Gesi imeisha, Mama, najaza tu." Ukaona nimenyamaza, ukadhani mtandao. Mtandao wapi! Nilishtuka. Maneno hayo hayo niliyasikia kwa baba yako.

Sisi watu wa Mafinga AC tutaijulia wapi? Huku asubuhi unatoka na koti, jioni unarudi na koti lile lile na kitenge juu yake. Gari lilikaa pale nje na kile kitufe hakuna aliyekigusa. Festo, baba yako, aligundua kuwa AC imekufa siku alipoteremka Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Joto la kule halina adabu. Akawasha, ukaja upepo wa moto. Mtu mmoja pale sokoni akamwambia, "Imeisha gesi hiyo." Basi neno hilo moja, gesi, nusura lituzike sote.

Maana alirudi nyumbani akauona mtungi wangu wa gesi ya kupikia. Yeye na rafiki yake, mchomeleaji wa mageti, wakaunga mpira wakajaza kwenye AC ya gari. Nikamwuliza, "Baba Tumaini, hiyo si ya jikoni?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama Tumaini, gesi ni gesi!" Na baridi ikaja kweli, tena ya kuvutia kitenge mabegani. Nikasema moyoni, mume ninaye.

Kesho yake tukaenda huko huko Ruaha Mbuyuni kwenye kipaimara cha binamu yako. Mbele, pembeni ya baba yako, alikaa Mzee Kastori, mjomba wake. Nyuma tulikuwa mimi, wewe, na bibi yako mzaa baba. Vioo vyote tumepandisha, si tuna AC bwana! Katikati ya mlima, lori la mbao limekwama kwenye kona, foleni haisogei. Tukakaa.

Ndipo nikaanza kusikia harufu. Nikadhani ni kitenge changu kimebeba moshi na gesi ya jikoni. Kukaa ubavuni mwa mama mkwe unanuka mapishi, aibu iliyoje! Nikajikunja, nikakivuta kitenge chini ya miguu. Bibi yako akanusa, akauliza, "Nani kapakia jiko humu?" Baba yako akaongeza AC.

Mzee Kastori alikuwa mvutaji, na alikuwa na tabia yake: anawasha sigara kwanza, ndipo anafungua mlango atoke. Foleni ilimchosha. Akatia sigara mdomoni, akatoa kiberiti. Njiti ilishatoka, mwanangu. Ilishagusa ubavu wa kiberiti.

Bibi yako huyo, mtu wa kuinama na kuamkia "kamwene" taratibu kwa kilugha chetu, mpaka akuulize habari ya kila ng'ombe, aliruka pale nyuma akaudaka mkono wa ndugu yake kwa mikono yote miwili. Kiberiti kikaanguka. "Zima gari! Tokeni! Mtoto kwanza!" Sijui nilifunguaje mlango. Nilijikuta juu ya lami, peku, nimekubana kifuani mpaka ukalia. Bwana Yesu! Nilikupapasa kichwa, vidole, miguu, kama vile ulikuwa umeshaungua. Mzee Kastori alisimama kando ya barabara na njiti yake mkononi, anaitazama.

Baba yako akaeleza yote: mtungi, mpira, mchomeleaji. Nikangoja matusi. Bibi yako hakutukana. Aliuliza tu, polepole, bado anahema: "Festo, hii umeweka wewe. Ile ya kwanza, iliyokuja na gari, ilienda wapi?"

"Iliisha, Mama."

"Imeisha, imeliwa na nani?"

Baba yako akainamisha kichwa. "Umejaza chombo kinachovuja," akasema bibi yako, "ukampakia mjukuu wangu humo." Baba yako alilia hadharani, madereva wa malori wakitazama.

Gari tulilisukuma kando, tukaliacha wazi milango yote, na foleni ilipofunguka tukamalizia safari kwa basi. Baadaye fundi wa AC kutoka Iringa mjini aliitoa ile gesi mahali pa wazi, akafungua dashibodi. Nyuma yake, pale panapotokea ubaridi, palikuwa na tundu dogo limelowa mafuta, ndilo lililotuvujishia gesi ndani ya gari. Akatuambia gesi ya AC hailiki kama petroli. Huzunguka humo humo. Ikipungua, ujue imetoroka.

Tangu hapo swali la bibi yako likawa la nyumba nzima. Sukari ikiisha: ya kwanza ilienda wapi? Hata mwaka ule mimi na baba yako tulipoacha kuzungumza, nilijiuliza hivyo hivyo, maneno yetu ya kwanza yalienda wapi, nikaona tundu lilipo.

Basi sikia, Tumaini. Usijaze. Mwambie fundi atazame feni kama inazunguka, atazame chujio kama halijazibwa na vumbi, kisha atafute panapovuja, azibe, ndipo aweke gesi ya AC yenyewe, si ya jikoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulibakiza kidogo tujengewe kaburi. Watu husema ajali haina kinga. Waongo! Hii yetu ilikuwa na kinga, kuuliza tu, na mimi niliuliza kama gesi ile si ya jikoni, nikachekwa, nikanyamaza. Wewe ukichekwa, uliza tena.

Na kila chombo chako kipungukiwapo, kiwe gari, kiwe mfuko, kiwe ndoa, kabla hujamimina kingine uliza cha kwanza kilienda wapi.

Haya, nenda kwa fundi, kisha unipigie. Mungu akujaze, mwanangu, na alichokujaza kisivuje.