Likasi Ndani ya Disketi

Kwa mdomo, Camille Kalenga alikuwa mwongo kama wanaume wote wanaosimulia ujana wao. Kwa penseli, hakuwahi. Miaka yote aliyokaa katika ofisi ya wachoraji wa mgodi, katika mji wa Likasi, hakuchora mstari ambao mpimaji hakuupima kwanza. Na chini ya kila plani, yaani ramani ya mgodi, ndani ya kisanduku cha pembeni, aliandika jina la mahali, kipimo, na yale maneno ya Kifaransa, Situation au, kisha tarehe na sahihi yake. Maana yake, ndivyo hali ilivyokuwa siku hiyo. Mgodi hauna subira, kesho watalipua ukuta mwingine. Lakini kwa siku ile iliyoandikwa, plani haidanganyi. Camille aliipenda kanuni hiyo kuliko alivyopenda katekisimu, ingawa Jumapili hakukosa misa.

Kufikia mwaka 1994 ofisi ilikuwa imekufa. Siwezi kusema ilifungwa, maana hata kufunga kunataka mtu wa kushika funguo. Mishahara ilikoma, wino ukakauka, na Camille akawa mtu wa kukaa barazani akichora hewani kwa kidole. Mkewe Madeleine, aliyekuwa akikaanga mikate na kuiuza sokoni ili nyumba isimame, alisema heri mume mlevi kuliko mume mkimya, kwa kuwa mlevi unajua utamkuta wapi.

Kisha likaja lililo zito zaidi. Mkwe wao, Rolly Kalombo, fundi wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akamwoa binti yao Danielle hapo hapo Likasi. Lakini baba yake alitoka jimbo la Kasai, na miaka ile watu wa asili ya huko walikuwa wakifukuzwa Likasi warudi kwao. Rolly akaandikisha familia yake kwenye treni ya kwenda huko. Mtoto wao Joëlle, ambaye nusu ya miaka yake michache aliipitisha jikoni kwa Madeleine, akamwendea Camille. Kama wajukuu wote wa huko, alimwita babu yake kambo.

"Kambo, Kasai iko namna gani? Unichorele."

Camille hakuwahi kufika Kasai. Rolly mwenyewe pia hakuwahi. Akamwambia mtoto angoje, akatoka nje akajifanya anakagua paa. Kilichomuuma hasa hakikuwa Kasai. Alijua mtoto wa umri ule husahau upesi, na akaogopa kwamba muda si mrefu yeye na Madeleine wangefutika kichwani mwake, wasibaki hata kivuli.

Siku hizo hizo Père Lambert, paroko wao, akamwita. Padri alikuwa ametumiwa kompyuta na mashine ya kuchapia na jamaa zake wa Ubelgiji, akaomba na programu ya kuchorea ramani ya parokia. Mpwa wake, kijana wa michezo ya falme za kubuni, akamtumia ile aliyokuwa nayo yeye: programu ya kuchorea nchi zisizokuwepo. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Akamwomba Camille aje aijaribu, pengine mkono wa fundi ungeilazimisha kuchora vitu vya kweli.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mkono uliozoea kuvuta wino bila kutetemeka ulishindwa na kipanya. Kishale kikaenda kilikotaka chenyewe. Halafu programu ilitaka aanze na bahari. Kwa programu ile kila nchi ilikuwa kisiwa: unabofya hapa, unabofya pale, na katikati mashine inakutengenezea pwani yenye ghuba na rasi bila kuombwa. Camille akauliza ni nani aliyeipima. Padri akamjibu kwamba hakuna, na kwamba raha yenyewe ndiyo hiyo. Camille aliiona ni raha ya wavivu. Akaifuta bahari, akajaza nchi kavu mpaka ukingo wa karatasi, kwa sababu plani huendelea kwenye karatasi ya pili.

Akaanza kuichora Kasai ya mtoto. Alama zilikuwa kwenye disketi za nyongeza, hii ya milima na misitu, hii ya ngome za wafalme, ile ya majoka. Akaweka ngome katikati. Kwa mazoea tu, kando ya ngome akapanga nyumba za wafanyakazi kwa safu, akaongeza hospitali, shule, na kantini ya kugawa unga. Padri, akichungulia begani kwake, akauliza mfalme ana haja gani na kantini.

"Mon Père," Camille akasema, "mufalme iko na askari, iko na ngome. Bantu yake banakula bunga ya wapi?"

Alipokwisha kusema hivyo, ndipo Camille mwenyewe akaona alichokichora. Haikuwa Kasai hata kidogo, ilikuwa Likasi. Basi akaacha kujidanganya. Nchi asiyoijua hawezi kumpa mtoto. Atampa ile anayoijua, aende nayo.

Tangu hapo kazi ikanoga. Padri akamwonyesha jinsi ya kuivunja alama iwe mistari mitupu, kisha kuiunda upya. Camille akachukua mnara wa ngome, akaukata meno ya juu, akautia moshi, ukawa bomba la kiwanda. Mlima akaupunguza ukawa kichuguu. Mti wa kunyongea watu, uliokuwa kwenye disketi ya ngome, akausimamisha kwa safu, ukawa nguzo za kuleta umeme kutoka bwawa la Koni. Joka moja tu alilikubali, akaliweka Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani, mahali watoto wanapokatazwa kwenda, na hapo hata yeye aliona hajasema uongo. Alama zake zote akazihifadhi kwenye disketi tupu, akaandika juu yake: Likasi. Jioni alirudi nyumbani akipiga mluzi, na Madeleine akamshukuru Bikira Maria na mpwa wa padri kwa pumzi moja.

Siku ya treni, watu walikuwa wamejaa kituoni na masufuria, magodoro na vitanda vyao. Camille akatandaza ile plani juu ya sanduku la Rolly, vipande vilivyochapwa kwa padri na kugundishwa kwa uji wa muhogo. Joëlle akaipitia kwa kidole. Shule aliijua, kanisa alilijua, sokoni anapouza bibi yake, Kakontwe kwa baba yake. Joka lilimchekesha. Kisha kidole kikafika kwenye nyumba ya babu na bibi yake, mstatili mdogo ndani ya safu ya mistatili, kikasimama.

"Kambo, na weye uko wapi?"

Camille akamweleza kwamba plani haichorwi watu. Ndivyo alivyofundishwa, na hakuna plani aliyowahi kuichora yenye mtu. Mtoto akaendelea tu kuutazama ule mstatili. Camille akatoa penseli mfukoni mwa shati, akamchora mlangoni Madeleine na beseni lake, na yeye mwenyewe kando, wakubwa kupita bomba la kiwanda, bila kipimo chochote.

"Na miye?"

Hapo penseli ikakwama. Joëlle alikuwa anaondoka. Kumweka mlangoni pale kungekuwa uongo, na kutomweka asingeweza. Akatazama kisanduku cha pembeni, ambacho alikuwa bado hajakijaza, kwa kuwa kawaida yake alikijaza dakika ya mwisho. Akamchora mtoto katikati yao, ameshikwa mikono yote miwili. Kisha akaandika Situation au, na tarehe ya siku ile, akatia sahihi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini herufi zilitoka zimenyooka.

"Leo, weye uko hapa," akamwambia. "Nimeisha kutia signature."

Joëlle akaikunja karatasi, akaiingiza ndani ya nguo yake, na mama yake akampandisha kwenye behewa.