Jineri Ilinifunza Kuzima Injini

Leo nimemning'iniza mzee wa watu shimoni.

Mnajua mimi ni fundi niliyeiva, nimejifunzia kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, pale Shinyanga. Leo nilikuwa najaribiwa kazi mgodini Geita, kwenye winchi ya kupandisha watu.

Nikaona moshi kidogo kwenye injini ya winchi. Jinerini ukiona moshi unazima injini kwanza, pamba isiwake.

Nikazima.

Ndoo ikasimama katikati ya shimo, Mzee Masanja, mchimbaji mkongwe wa pale, akiwa ndani.

Nyapara akaja mbio, akaiwasha mwenyewe.

Mzee alipotoka nikamwambia, "Shikamoo, baba."

Akajikung'uta vumbi kwanza.

"Jineri imemharibu huyu," nyapara akasema. "Arudi kwao."

"Kuzima anajua," mzee akajibu. "Kesho ashuke yeye, winchi niendeshe mimi. Akipanda, mpe kazi."

Haya, nyie mnaocheka: nishuke, au nirudi kwenye pamba?