Programu Iliyoita Familia Nzima

Katika kambi za Panda, mitaa ya wafanyakazi wa mgodi hapa Likasi, ukimwalika mtu kula, hujamwalika mtu mmoja. Anakuja na mke, watoto, na shemeji aliyefika juzi kutoka Kambove. Nadhani ndiyo maana mwenzangu wa ofisi ya kompyuta aliandika programu yake vile. Kila mstari wa hifadhidata ya wafanyakazi aliugeuza kuwa mtu ndani ya mashine, na kila mtu aliingia kwenye kumbukumbu pamoja na mkewe, watoto wake na nyumba yake. Programu iliwasubiri wote waingie, ndipo ianze kuchapa orodha ya mgao wa unga.

Kwenye kompyuta kubwa ya zamani mambo yalikwenda. Ilipokufa tulibakiwa na moja ndogo, nayo ilijaa kabla ya kufika katikati ya faili, ikaganda. Isipoganda, umeme ulikatika. Tulikaa mbele ya printa isiyotoa hata jina moja, na bila orodha bohari haikutoa unga.

Mwenzangu hakuwapo. Alizaliwa hapa hapa Likasi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na wakati ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani kwa kuitwa wageni. Alilala stesheni na familia yake, kati ya wengine wengi, wakingoja treni. Majina yao yalikuwa bado katika faili, kwa hiyo mgao wa mwisho ulikuwa haki yao. Hawakuwa na chakula kingine cha njiani.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mkewe akimnyonyesha mtoto. Niliona aibu kumletea habari za mashine mahali pale, lakini nilimweleza. Aliuliza kumbukumbu ya ile kompyuta ndogo ni kiasi gani, nikamwambia, akacheka kidogo.

"Mudogo, usiite bantu bote mara moya," alisema kwa Kiswahili chetu cha migodini. "Ita umoya, andika jina yake, muache aende. Njo uite mwingine. Batoto yake usibaguse. Hesabu yabo iko ku mustari ya baba."

Nikamuuliza nianze na nani. Alitazama mizigo iliyomzunguka.

"Anza na ba huku."

Niliibadilisha programu siku ile ile, nikatanguliza majina ya waliokuwa stesheni. Printa ilianza kulia mara tu nilipobonyeza, nami nikashtuka, maana nilishazoea kungoja. Mtu aliingia, akachapwa, akatoka kwenye kumbukumbu, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Umeme ulipokatika hatukupoteza kitu. Uliporudi tuliendelea kutoka jina la mwisho. Kurasa za kwanza zilipelekwa bohari huku nyingine zikiendelea kutoka, na unga ulifika stesheni kabla ya treni. Nilifurahi sana, sifichi.

Treni ikaja, wakaondoka.

Mwezi uliofuata nikaamriwa kuwafuta waliokwenda. Programu ilinipitishia mmoja mmoja, kama mwenzangu alivyoniagiza, kwa hiyo nililazimika kusoma kila jina. Lake lilipofika niliumia, nikabonyeza kama kwa wengine.

Orodha mpya ilitoka upesi kuliko zote. Mkubwa wa ofisi alikuja kunipa mkono. Alisema sasa programu imekuwa nyepesi.